Uzi: Roger Bannister, mwanafunzi wa udaktari aliyekimbia maili chini ya dakika nne, kisha akarudi wodini

Mleta uzi:

Wakuu, habari za jioni.

Wiki iliyopita nilihudhuria semina moja kazini. Mtoa mada akasimulia habari ya maili ya dakika nne: eti madaktari wote wa dunia walisema binadamu akikimbia maili chini ya dakika nne moyo utapasuka, akatokea kijana mmoja akaamini, akaweza, na baada ya wiki chache watu chungu nzima wakaweza kwa sababu kizuizi kilikuwa akilini tu. Ukumbi ukapiga makofi. Mimi nilitoka na donge kooni, kwa sababu huyo kijana namfahamu tangu nikiwa shule. Nimemsoma miaka na miaka. Na hao "madaktari" wanaotajwa kwenye hadithi, yeye mwenyewe alikuwa mmoja wao. Asubuhi ya siku aliyovunja rekodi alikuwa hospitalini.

Nieleze na sababu yangu binafsi. Nilikuwa mkimbiaji wa mita 1500 sekondari, nikafika hadi mashindano ya mkoa. Mwalimu mmoja akaniita ofisini akaniambia nichague, miguu au Biolojia, viwili haviendi pamoja. Nikachagua Biolojia, leo ni tabibu, na kazi yangu naipenda. Lakini laiti siku ile ningekuwa namjua Bannister, ningemjibu mwalimu vingine.

Roger Bannister alizaliwa Harrow, karibu na London, tarehe 23 Machi 1929. Vita ya Pili ilipoanza familia yao ikahamia Bath. Mwaka 1946 akaingia Chuo Kikuu cha Oxford kusoma udaktari, akiwa na miaka 17. Hakuwahi kuvaa viatu vya njumu wala kukimbia kwenye uwanja wa riadha kabla ya hapo. Alianzia pale pale chuoni.

Alikuwa mwanariadha wa ridhaa kwa maana kamili ya neno hilo, yaani halipwi. Enzi zile sheria ilikuwa kali mno. Waswidi wawili, Gunder Hägg na Arne Andersson, walipokezana rekodi ya maili wakati wa vita, maana nchi yao haikuwa vitani. Hägg akaifikisha dakika 4 sekunde 1.4 mwaka 1945. Mwaka uliofuata wakafungiwa kwa kupokea pesa. Rekodi ikabaki hapo miaka tisa. Shikeni hiyo hoja, nitairudia.

Mwaka 1948 Olimpiki ilifanyika kwao, London. Waliomwona akikimbia walitaka aingie timu, akakataa, akasema hajakomaa. Miaka 19, Olimpiki iko mlangoni kwako, unasema bado! Akapanga kungoja Helsinki 1952.

Katikati ya miaka hiyo ndipo jambo ninalolipenda kuliko yote lilipotokea. Alipata nafasi ya kufanya utafiti wa fiziolojia pale Oxford, akachagua swali moja: ni nini kinachomsimamisha mtu anayekimbia? Akaweka watu kwenye mashine ya kukimbilia, na yeye mwenyewe akapanda, akakimbia mpaka mwili ukagoma. Alipima pumzi na damu, akawavutisha hewa iliyoongezwa oksijeni aone wataongeza dakika ngapi. Matokeo yalichapishwa mwaka 1954 kwenye jarida la kisayansi la fiziolojia, yeye na mwenzake Cunningham. Kwa hiyo huyu mtu hakukaa kitandani akaota kwamba inawezekana. Alipima.

Helsinki ikaja. Waandaaji wakaongeza nusu fainali ambayo haikuwa kwenye mpango wake. Mazoezi yake yalikuwa ya mtu wa mbio mbili, akajikuta na mbio tatu kwa siku tatu mfululizo. Fainali ya mita 1500 akamaliza wa nne. Dhahabu ikaenda kwa Josy Barthel wa Luxembourg, mtu ambaye hakuna aliyemtarajia. Magazeti ya Uingereza yalimshambulia Bannister: hafanyi mazoezi ya kutosha, anajifanya msomi. Akakaa kama miezi miwili akifikiria kuacha kabisa. Halafu akajipa shabaha mpya: maili chini ya dakika nne.

Nakula kwanza, nitaendelea.

Mchangiaji:

Mkuu, uzi mzuri, lakini nikupinge kidogo. Unataka kusema imani haina kazi? Mbona baada yake wengi waliweza?

Mleta uzi:

Mkuu, nashukuru kwa swali, ndilo lililoniletea donge kule semina. Tuhesabu.

Bannister: 6 Mei 1954. Wa pili, John Landy wa Australia: 21 Juni 1954, Turku, Finland. Siku 46 baadaye. Hapo hadithi ya semina inashangilia. Lakini Landy alikuwa amekwisha kukimbia 4:02.1 tangu Desemba 1952, na alikuwa akibisha mlango ule ule mwezi baada ya mwezi, kwenye viwanja vya nyasi, mara nyingi bila mtu wa kumvuta, yaani wa kukimbia mbele yake kumwekea kasi. Kule Turku alipata mpinzani wa kumsukuma kwa mara ya kwanza, naye ni Chris Chataway, yule yule aliyemvuta Bannister. Akatoa 3:58.0.

Baada ya Landy, wakapita miezi kumi na moja bila mtu mwingine. Tarehe 28 Mei 1955, London, watatu wakapita kwenye mbio moja: László Tábori wa Hungaria, Chataway na Brian Hewson. Jumla watu watano kwa mwaka mmoja na wiki tatu. Na wote walikuwa wakimbiaji wakubwa wanaojulikana. Chungu nzima iko wapi?

Sasa turudi kwa Waswidi. Rekodi ilikaa miaka tisa kwa sababu wenye nayo walifungiwa, na vijana wa Ulaya waliokuwa na umri wa kuivunja walikuwa wametoka vitani, wengine makaburini, na chakula kilikuwa cha mgao. Hägg alikimbia 4:01.4. Gawanya kwa mizunguko minne, ni sekunde 60.35 kila mzunguko. Bannister alikuja kukimbia 3:59.4, wastani wa 59.85. Tofauti ni nusu sekunde kwa mzunguko. Yeye kama mwanafiziolojia aliona wazi kwamba hakuna mantiki ya mwili kukubali 4:01 halafu ukagoma 3:59.

Imani ilikuwepo, sikatai. Ila ilijengwa juu ya vipimo.

Mleta uzi (sehemu ya pili: siku yenyewe):

Mwaka 1953 tayari alikuwa London, hospitali ya St Mary's, anamalizia mafunzo ya udaktari. Tarehe 2 Mei 1953 alikimbia 4:03.6, akavunja rekodi ya Uingereza. Juni akatoa 4:02.0, lakini wakubwa wa riadha wakaikataa, maana mwenzake Chris Brasher alijikokota makusudi nyuma, akangoja apitwe mzunguko mzima, kisha akamvuta mwisho. Walisema hizo si mbio za kweli. Walikuwa na haki, na nadhani Bannister alilijua hilo.

Akajiunga na kina Brasher na Chataway chini ya kocha Franz Stampfl, Mwaustria. Majira ya baridi walikuwa wakikimbia yadi 440, yaani robo maili, mara kumi, na kati ya kila moja wanapumzika dakika mbili. Walianza na sekunde 66, wakashuka mpaka 61, wakakwama. Wiki zikapita, 61 ni ile ile. Wakafanya nini? Bannister na Brasher wakaenda kukwea milima Scotland siku chache. Waliporudi wakakimbia 59. Sisi tuliozoea kuambiwa kaza, kaza, kaza, hapa pana la kutafakari: miili ilikuwa imechoka, ikahitaji kuachwa.

Alhamisi, 6 Mei 1954. Asubuhi Bannister alikwenda hospitalini kama kawaida. Akaingia maabara, akanoa meno ya njumu zake kwenye jiwe la kunolea, akazipaka grafiti ili tope la uwanja lisigande. Halafu akapanda treni kutoka stesheni ya Paddington kwenda Oxford. Ndani ya treni akamkuta Stampfl. Nje upepo unavuma vibaya, na upepo kwenye mbio za uwanjani ni mwizi wa sekunde. Bannister alikuwa amejiambia hatajaribu kwenye hali ile. Stampfl akamwonya kwamba nafasi huenda isirudi.

Mbio zilipangwa saa kumi na mbili jioni, uwanja wa Iffley Road, pale pale alipoanzia mwaka 1946. Watazamaji kama 3,000. Yeye anaitazama bendera juu ya kanisa la jirani. Ikipigapiga, hakimbii. Muda mfupi kabla ya kuanza ikaanza kulegea. Akawaambia wenzake: twende.

Brasher akaanza kabla ya mlio, wakarudishwa. Wakaanza upya. Brasher mbele, Bannister nyuma yake, Chataway wa tatu. Bannister alijisikia mwepesi mno hata akampigia Brasher kelele aongeze mwendo. Brasher hakubadili kitu. Mzunguko wa kwanza ukaisha kwa sekunde 57.5. Yaani tayari walikuwa kasi kuliko walivyohitaji! Kama Brasher angemsikiliza, hadithi ingeishia mzunguko wa tatu.

Nusu maili, dakika 1 sekunde 58.2. Brasher akachoka, Chataway akapanda mbele. Robo tatu, 3:00.5. Hapo mahesabu yanakuwa mepesi na ya kutisha: unahitaji mzunguko wa mwisho chini ya 59.5, na miguu imejaa asidi. Zilipobaki yadi 230 hivi, akampita Chataway. Akamaliza mzunguko kwa 58.9, akaanguka mikononi mwa watu.

Mtangazaji alikuwa Norris McWhirter. Akasoma matokeo taratibu: rekodi ya uwanja, rekodi ya Uingereza, ya Ulaya, ya dunia, na muda ni tatu... Baada ya neno "tatu" hakuna aliyesikia kingine, uwanja ulilipuka. 3:59.4.

Mchangiaji (muuguzi):

Kaka, hapo kwenye njumu kunolewa maabara nimesisimka. Ila naomba utuambie huo udaktari. Wengi tunajua mbio zake tu. Alikuja kuwa daktari wa nini?

Mleta uzi:

Dada yangu, hapa ndipo nilipotaka kufika, asante.

Alimaliza masomo ya udaktari mwaka huo huo wa 1954. Agosti alishinda mbio mbili kubwa, Vancouver na Bern, na mwisho wa mwaka akatundika njumu. Miaka 25! Hakukimbia tena mbio kubwa.

Akaenda jeshini kwa mujibu wa sheria, kitengo cha matabibu, na kazi iliyompeleka mbali ilikuwa Adeni (leo ni Yemen), kuchunguza kwa nini askari walikuwa wakizidiwa na joto. Baadaye akabobea kuwa daktari bingwa wa mishipa ya fahamu, St Mary's na pale Queen Square, hospitali ya taifa ya Uingereza ya magonjwa ya fahamu.

Ubobezi wake ulikuwa ule mfumo wa fahamu unaojiendesha wenyewe bila wewe kuuamuru: jasho, mapigo ya moyo, kibofu, na jinsi mishipa inavyobana ukisimama ili damu isizame miguuni. Mfumo huo ukiharibika mgonjwa anasimama, presha inaporomoka, anaanguka. Mwaka 1983 alihariri kitabu kikubwa kuhusu kushindwa kwa mfumo huo, kikatolewa upya mara kadhaa na vizazi vya madaktari wamekisomea. Pia aliendeleza kitabu cha kufundishia magonjwa ya fahamu alichokianzisha daktari Russell Brain.

Na mimi naona uzi mmoja tu katika maisha yake yote. Kijana wa Oxford aliuliza mwili unajidhibiti vipi unapokimbia. Daktari wa Adeni aliuliza unajidhibiti vipi kwenye joto. Bingwa wa Queen Square aliuliza unajidhibiti vipi mtu anaposimama tu kutoka kitandani. Swali lile lile miaka arobaini. Ndiyo maana nilimkasirikia yule mwalimu wangu. Kwa Bannister hakukuwa na miguu upande huu na Biolojia upande ule.

Mwenyewe alipoulizwa uzeeni, alisema anajivunia zaidi kazi yake ya tiba kuliko zile dakika.

Mchangiaji (muuguzi):

Kaka, unajua umenigusa? Wodini kwetu wagonjwa wa kisukari wa muda mrefu wanaanguka wakielekea chooni usiku. Tunawapima presha wamelala, halafu wamesimama. Tofauti unaiona kwa macho yako. Sikujua kwamba mmoja wa waliohangaika na jambo hili ni mtu wa mbio.

Mleta uzi:

Ndiye huyo, dada. Na kuna sehemu nyingine inauma. Mwaka 1975, mwaka aliopewa cheo cha "Sir", alipata ajali ya gari, kifundo cha mguu kikavunjika vibaya. Hakuweza kukimbia tena hata kwa kujifurahisha. Mwaka 2011 akagundulika ana ugonjwa wa Parkinson, na mwaka 2014 akautangaza. Alikuwa ametibu wagonjwa wa aina hiyo maisha yake yote, alijua kila hatua inayofuata. Alifariki Oxford tarehe 3 Machi 2018, umri miaka 88.

Nisisahau: kati ya 1971 na 1974 aliongoza baraza la michezo la Uingereza, na alisukuma kutafutwa kwa kipimo cha kwanza cha kunasa steroidi, dawa za kujenga misuli, kwa wanariadha. Daktari na mkimbiaji tena, kichwa kimoja.

Mchangiaji (mwalimu mstaafu):

Vijana, mimi ni mwalimu wa michezo mstaafu. Naomba msimsahau Filbert Bayi. Tulikuwa tumekusanyika kwenye redio.

Mleta uzi:

Shikamoo mwalimu. Hatuwezi kumsahau. 17 Mei 1975, Kingston, Jamaika, Bayi wetu wa Karatu alikimbia maili kwa 3:51.0, rekodi ya dunia. Sekunde 8.4 mbele ya Bannister, miaka 21 baada yake. Na mwaka mmoja kabla, Christchurch, aliongoza mita 1500 tangu mwanzo hadi mwisho bila wa kumvuta, akatoa 3:32.2, akamwacha John Walker akimkimbiza bure. Bannister alihitaji wawili wa kumvuta. Bayi alijivuta mwenyewe. Simpunguzii mzee wa watu heshima, ila hilo lisemwe.

Na kuna kiungo kingine, mwalimu wangu, ambacho wengi hawakijui. Michezo ya Jumuiya ya Madola, Vancouver, Kanada, Agosti 1954. Dunia nzima ilikuwa inangoja Bannister na Landy, watu wawili pekee duniani waliopita dakika nne, kwenye uwanja mmoja. Tarehe 7 Agosti Landy aliongoza karibu njia nzima. Kona ya mwisho akageuza shingo kushoto kumtafuta Bannister, na sekunde hiyo hiyo Bannister akapita kulia. 3:58.8 kwa 3:59.6. Wameisimamisha picha hiyo kwa sanamu ya shaba Vancouver. Landy naye hakuwa mtu wa kubeza, alikuja kuwa gavana wa jimbo la Victoria.

Sasa, kwenye michezo hiyo hiyo, Chataway alishinda mbio za maili tatu. Wa nne alikuwa Nyandika Maiyoro wa Kenya. Mkisii, kutoka koloni ambalo Wazungu wengi hawakudhani lina wakimbiaji. Watu wote wanakumbuka Landy alivyogeuka. Mimi nikiitazama Vancouver namtazama Maiyoro.

Mchangiaji (dada):

Na wanawake je, kaka? Au maili ilikuwa ya wanaume tu?

Mleta uzi:

Dada, umenishika. Tarehe 29 Mei 1954, siku 23 baada ya Bannister, Diane Leather alikuwa mwanamke wa kwanza kukimbia maili chini ya dakika tano: 4:59.6, Birmingham. Naye alikuwa mtu wa maabara, mkemia. Hakuna aliyelipuka uwanjani, na shirikisho la riadha la dunia wakati huo halikuwa hata likiandika rekodi ya maili ya wanawake. Olimpiki iliwafungia mita 800 tangu 1928 hadi 1960. Niliona aibu nilipogundua kwamba nimemsoma Bannister miaka kumi bila kukutana na jina la Leather.

Leo rekodi ya wanawake ni ya Faith Kipyegon wa Kenya, 4:07.64, Monaco 2023. Juni 2025 kule Paris alijaribu kwenda chini ya nne akiwa na kundi zima la kumvuta, akamaliza kwa dakika 4 sekunde 6 na ushee. Hiyo ni rekodi nje ya vitabu, lakini niliangalia usiku ule nimesimama.

Mchangiaji (mwanafunzi):

Shikamoo kaka. Niko chuo cha afya mwaka wa pili, nakimbia 1500. Wenzangu wananiambia nitafeli. Alipata muda wapi huyu bwana?

Mleta uzi:

Marahaba mdogo wangu. Alitumia saa ya chakula cha mchana. Alitoka hospitalini, akaenda kwenye uwanja wa Paddington uliokuwa karibu, akakimbia zile yadi 440 mara kumi, akarudi kazini. Nusu saa na dakika chache, basi.

Nikwambie kweli lakini: kwa muda huo leo huwezi kufika kwenye rekodi ya dunia. Hicham El Guerrouj wa Morocco aliifikisha 3:43.13 mwaka 1999, na watu hao mbio ndiyo kazi yao, asubuhi na jioni. Bannister alikuwa wa mwisho mwisho wa zama za ridhaa. Lakini hukuuliza rekodi ya dunia. Umeuliza kama utafeli, na kwa saa moja ya mchana hakuna anayefeli.

Jaribu 400 mara sita kwanza, pumzika dakika mbili mbili, zote kwa muda unaolingana. Ukiona ya mwisho imezidi ya kwanza kwa sekunde nyingi, ulianza na pupa.

Mchangiaji (mwanafunzi):

Uwanja upo nyuma ya maabara yetu, wa vumbi. Ijumaa nakimbia maili nzima, nitaweka muda hapa.

Mleta uzi:

Tafuta mwenzako akushikie saa, aandike kila mzunguko, usilete jumla peke yake. Na pima uwanja kwanza. Kama ni wa mita 400, mizunguko minne ni 1,600. Maili ina mita tisa na ushee za ziada, kwa hiyo mstari wa kuanzia urudishe nyuma.